Rivers of London: jiji linaloishi kwa mapatano na mito yake

Riwaya nyingi za mjini zenye mizimu na wachawi hukwama mahali pamoja. Viumbe wapo, nguvu wanazo, lakini maswali ya kawaida ya mkazi wa jiji hayajibiwi. Wakigombana wao kwa wao, nani anawaamua? Wakimuumiza mtu, kesi inafunguliwa wapi? Wanaishi nyumba za nani, na kwa nini serikali imewaacha? Mwandishi hufunika yote kwa pazia la siri, kisha anakimbilia mapigano. Ben Aaronovitch, mzaliwa wa London aliyewahi kuandikia televisheni na kuuza vitabu dukani, ameyachukua maswali hayohayo na kujengea juu yake riwaya kumi, kuanzia Rivers of London ya 2011 hadi Stone and Sky ya 2025. Kwa msomaji anayetaka kujua watu na viumbe wa ajabu wanaishije pamoja siku baada ya siku, sijaona mfululizo unaojibu vizuri zaidi.

Anayesimulia ni Peter Grant, konstebo kijana wa polisi wa London anayekaribia kumaliza miaka miwili ya majaribio kazini. Mama yake ni msafishaji kutoka Sierra Leone. Baba yake ni Mwingereza mweupe, mpiga tarumbeta wa jazi aliyeharibiwa na heroini. Usiku wa baridi Peter amewekwa kulinda eneo la mauaji huko Covent Garden, mtu kang'olewa kichwa, na shahidi pekee anayejitokeza ni mtu aliyekufa zamani. Peter anamhoji kama shahidi mwingine yeyote. Hapo ndipo anapovutwa kwenye kitengo kidogo sana cha polisi kinachoongozwa na Inspekta Mkuu Thomas Nightingale, mchawi wa mwisho mwenye cheo rasmi nchini. Makao yao ni jumba la kale liitwalo Folly, Russell Square, na ili Peter awe mwanagenzi wa Nightingale, Kamishna wa polisi lazima aridhie. Hata uchawi una karatasi za kupitishwa ofisini.

Moyo wa mfululizo ni mto Thames. Yupo Baba Thames, mzimu wa kale anayeumiliki mto kuanzia chanzoni hadi lango la maji la Teddington, mahali ambapo kwa kweli kupwa na kujaa kwa bahari hukomea. Kutoka hapo kwenda chini, sehemu yote inayopita katikati ya London, mwenye mto ni Mama Thames, mwanamke kutoka Nigeria aliyefika Uingereza miaka ya 1950 kusomea unesi. Mgawanyo huu umesimama juu ya historia. Kiangazi cha 1858 Thames ilinuka majitaka kiasi kwamba wabunge walishindwa kuvumilia ndani ya jengo lao, na uvundo huo ndio uliomfungulia mhandisi Joseph Bazalgette fedha za kujenga mifereji mikuu ya majitaka ya jiji. Katika riwaya, uvundo huohuo ndio uliomfukuza Baba Thames mjini. Aliapa kutorudi chini ya Teddington, na wanawe waliokuwa mito midogo ya London waliangamia. Kiti kikabaki wazi karibu miaka mia moja, mpaka mgeni aliyejitupa majini kwa uchungu wa moyo alipopokewa na mto na kupewa nafasi.

Kwa hiyo ugomvi wa mizimu hawa wawili ni ugomvi wa mipaka na haki ya urithi. Mzee anasema mto ni wake tangu zama za Warumi. Mama anasema uliutupa, mimi nikaulea. Kila upande una hoja, na hakuna mwovu kati yao. Peter, konstebo asiye na cheo, anatumwa kutafuta suluhu, na suluhu anayoipata katika kitabu cha kwanza inatoka kwenye desturi za kale za wafalme waliotaka amani ya kudumu kati ya koo. Sitaitaja hapa, ila ndiyo sehemu bora ya kitabu, kuliko hata kukamatwa kwa muuaji.

Mabinti wa Mama Thames nao ni mito halisi: Tyburn, Fleet, Effra, Brent, Beverley Brook. Tyburn na Fleet zilifunikwa zamani, na leo zinapita chini ya barabara na majengo. Fleet huingia Thames karibu na daraja la Blackfriars. Mwandishi ameitumia jiografia hii kuwapa wahusika tabia. Tyburn, ambaye maji yake yanapita chini ya Mayfair, ni mwanamke wa tabaka la wakubwa, mwenye namba za simu za mawaziri na asiyependa kuona polisi wakifufua uchawi bila ruhusa yake. Beverley, ambaye kijito chake bado kinaonekana juu ya ardhi, ni mchangamfu na mwepesi wa kuzungumza na watu. Msomaji akifungua ramani ya mito ya London kando ya kitabu atafaidi mara mbili.

Adabu za kukutana na viumbe hawa zimeandikwa kwa makini sana. Peter akikaribishwa chai kwa Mama Thames anauliza kwanza kama kula na kunywa kwake kutamfunga kwa wajibu wowote, na mpaka apewe neno, hagusi kitu. Mizimu ya mito ina mvuto unaoweza kumfanya mtu atii bila kutaka, kwa hiyo mazungumzo ya sebuleni yanaweza kuwa na hatari kuliko mapambano ya barabarani. Heshima, zawadi, nani anamsalimia nani kwanza, nani anaitwa kwa jina gani: kosa dogo hapo linagharimu. Msomaji anayetoka kwenye jamii ambako mgeni hafiki kwa mkubwa mikono mitupu ataelewa uzito wake haraka.

Uchawi wenyewe una kanuni, na kanuni hizo hazivunjwi ili kumwokoa mhusika. Inasemwa kwamba Isaac Newton ndiye aliyeupanga kuwa elimu, kwa Kilatini, na ndiyo maana Peter analazimika kujifunza lugha hiyo. Kipande cha msingi huitwa forma. Cha kwanza ni lux, mwanga unaoelea juu ya kiganja. Nightingale anauonyesha, Peter anajaribu kuhisi umbo lake akilini, anarudia, anashindwa, anarudia, hadi siku moja mwanga unawaka. Kinachofuata ni impello, cha kusukuma vitu, na mazoezi yake ni ya matofaa yanayotakiwa kuelea lakini yanapasuka na kuchafua chumba. Forma mbili zikiunganishwa kwa mpangilio sahihi zinatoa kazi ya tatu: lux na impello pamoja humwezesha kuuhamisha mwanga. Mpangilio ukikosewa, hakuna kitu, au kuna ajali.

Gharama zake ni mbili, na zote zina matokeo katika kila kitabu. Ya kwanza ni ubongo. Anayezidisha mazoezi au kutumia nguvu kupita kiasi anaharibika ubongo, na daktari wa kitengo, Abdul Haqq Walid, bingwa wa magonjwa ya tumbo mwenye asili ya Scotland aliyesilimu, huwa na picha za kuthibitisha. Hivyo Nightingale anawekea saa za mazoezi mpaka, na Peter hawezi kujifungia wiki mbili akatoka bingwa. Ya pili ni vifaa vya elektroniki. Uchawi ukifanyika karibu na simu iliyowashwa, vipande vyake vya silikoni vinageuka vumbi. Peter, kwa kuwa ni mtu wa kutaka ushahidi, anafanya majaribio na kugundua kwamba kifaa kisichopitiwa na umeme kinapona. Kuanzia hapo tabia yake inabadilika: kabla ya kuwasha mwanga kiganjani anakata umeme wa simu, na akisahau, anabaki bila mawasiliano wakati anapouhitaji msaada zaidi. Mwandishi anapata hofu ya kweli kutoka kwenye betri.

Jambo la tatu la kujua ni vestigia, yaani alama ambayo uchawi huacha mahali ulipotendeka. Mtu aliyefunzwa huihisi kama harufu, sauti au mguso unaopita haraka. Jiwe huihifadhi vizuri, mwili wa binadamu huihifadhi vibaya, kwa hiyo maiti lazima ichunguzwe mapema. Ugumu ni kuitofautisha na mawazo yako mwenyewe, na Peter anafunzwa kuuliza kila mara: hiki nimekihisi au nimekibuni? Baadaye anabuni kipimo kwa kutumia mbwa wa kitengo, Toby, kwa kuwa mbwa hubweka akikutana nayo. Kipimo kisicho kamili, lakini kinaandikika kwenye ripoti.

Ripoti, ndiyo. Upande wa polisi ni nusu ya kitabu, na ndiko mfululizo unapoachana na wenzake. Kuna timu ya mauaji, kamera za barabarani za kukaguliwa saa nyingi, wanaohojiwa nyumba kwa nyumba, na mfumo wa kompyuta uitwao HOLMES ambao polisi wa Uingereza wanautumia kweli. Ulitengenezwa miaka ya 1980 baada ya kadi za karatasi kuwazidi nguvu wapelelezi wa mauaji ya mfululizo ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ambapo taarifa za muuaji zilikuwemo kwenye mafaili lakini haziunganiki. Peter hawezi kuandika kwenye mfumo huo kwamba mshukiwa ni mzuka, basi ni lazima atafute maneno ambayo ni ya kweli na yanayokubalika. Wapelelezi wenzake wanachukia mambo ya Folly, wanayapa jina la siri Falcon, na wanasogea mbali yanapotajwa. Hata hivyo wanafanya kazi, kwa kuwa kuna aliyeuawa. Kanuni yao inajirudia: usidhani, usimwamini mtu, hakikisha kila kitu.

Sasa vitabu vyenyewe. Cha pili, Moon Over Soho, kinahusu wanajazi wanaokufa baada ya kutoka jukwaani, na kinampa baba yake Peter nafasi anayostahili. Cha tatu, Whispers Under Ground, kinaanzia kituo cha treni cha Baker Street, ambako mwanafunzi wa Kimarekani, mtoto wa seneta, anakutwa amechomwa kwa kigae cha chombo cha udongo. Ndicho chenye upelelezi uliosukwa vizuri kuliko vyote. Broken Homes ni wa nne: jengo refu la makazi huko Elephant and Castle, msanifu mwenye siri, na mwisho unaoumiza. Foxglove Summer unamtoa Peter mjini hadi Herefordshire kutafuta mabinti wawili waliopotea, na mapumziko hayo ya mashambani yanaufaa mfululizo, kwani mtu wa mjini asiyejua njia za msituni anaonekana upya. The Hanging Tree na Lies Sleeping zinafunga hesabu ya adui mkuu. False Value inaanza ukurasa mpya kwenye kampuni ya teknolojia, Amongst Our Weapons inafungukia London Silver Vaults, maghala ya vyombo vya madini ya fedha, na Stone and Sky inahamia Aberdeen, huku Abigail, binamu yake Peter, akipokezana naye usimulizi.

Kasoro zipo, na si ndogo zote. Adui mkuu, mchawi asiyeonekana sura, anaingia kitabu cha pili na kumalizwa cha saba, yaani kati ya 2011 na 2018. Sababu ya kuchelewa ni muundo: kila kitabu kina kesi yake inayopaswa kufungwa, kwa hiyo yeye anabakiziwa sura chache kila mara. Katika kitabu cha tatu hasogei karibu hata hatua moja. Walioufuata mfululizo ukichapishwa walichoka. Anayesoma vyote mfululizo leo atasikia uzito huo kwenye kitabu cha sita tu, ambacho kinabeba mambo mengi kuliko kurasa zake.

Peter anapenda majengo, naye atasimamisha msako ili aeleze nani alijenga ukuta na kwa mtindo gani. Msomaji wa haraka atakereka. Usiziruke aya hizo katika Broken Homes, kwani ufumbuzi umo ndani ya zege la jengo. Kwingine unaweza kupita juu juu bila hasara kubwa, ingawa mimi nazipenda zote: mwandishi anaamini jiji ni kumbukumbu iliyojengwa, na usipoijua historia ya mtaa huwezi kujua nani anaishi chini yake.

Vitabu viwili vya kwanza vinamtazama mwanamke kwa jicho la kijana mwenye njaa, na maelezo ya miili yanazidi kiasi. Hali hii inapungua wazi kuanzia cha tatu. Pia kuna matukio makali: kitabu cha kwanza kina kifo cha mtoto mchanga, na cha pili kina mauaji ya kingono. Usimpe kijana wa miaka kumi na miwili kwa kuwa tu jalada lina ramani nzuri. Tatizo la mwisho ni miisho yenyewe. Upelelezi huenda taratibu, kisha kurasa chache za mwisho zinabeba moto, mafuriko na jengo linaloanguka kwa pamoja, na mara nyingi inabidi urudi nyuma kusoma tena ujue nani alisimama wapi.

False Value ndicho dhaifu zaidi. Sura za mwanzo zinaruka kati ya nyakati mbili bila faida ya kutosha, na kampuni inayoelezwa imejaa vichekesho vya wapenda hadithi za sayansi ambavyo asiyevijua hatavipata. Hata hivyo usikiruke: hali ya kazi na nyumba ya Peter inabadilika hapo, na kitabu cha tisa kinaichukulia kuwa unaijua.

Kuhusu mpangilio wa kusoma, anza na cha kwanza. Hakuna njia ya mkato. Angalia jina kabla ya kulipa, kwa sababu Marekani kitabu hicho kilitoka kwa jina la Midnight Riot, na wapo wanaonunua vyote viwili wakidhani ni vitabu tofauti. Soma riwaya tano za mwanzo kwa mfuatano. Ukimaliza cha nne, usisome muhtasari wowote wa cha tano, wala maelezo ya nyuma ya jalada, mpaka ukifungue, kwani cha tano kinaanzia kwenye matokeo ya ule mwisho. Baada ya Foxglove Summer chukua kitabu kifupi cha What Abigail Did That Summer, kilichotoka 2021 lakini kinachotokea kiangazi hichohicho huko Hampstead Heath, pamoja na mbweha wanaozungumza. Kisha The Furthest Station, mizuka kwenye treni za Metropolitan, ndipo uende cha sita na cha saba.

Vitabu vifupi vingine havina haraka. The October Man kinamfuata mpelelezi wa Kijerumani huko Trier, kwenye mashamba ya mizabibu ya Moselle, na kinaonyesha jinsi nchi nyingine inavyosimamia mambo haya kwa sheria zake. Nakipenda, lakini asiyemjua Peter atakosa nusu ya ladha. Winter's Gifts kinahitaji uwe umemaliza cha tatu, kwani msimulizi wake ni Kimberley Reynolds, mpelelezi wa FBI anayeonekana hapo kwa mara ya kwanza. The Masquerades of Spring kinampeleka Nightingale kijana New York ya miaka ya 1920, na kinasomeka wakati wowote baada ya kumzoea. Vitabu vya katuni vilivyoanza kutoka 2015 ni vya ziada: vinaleta kesi kamili, si vipande vilivyokatwa kwenye riwaya, kwa hiyo asiyependa katuni hapotezi uzi mkuu.

Lugha ni Kiingereza cha London chenye misimu mingi na vifupisho vya kipolisi. Andika vifupisho kwenye karatasi unapokutana navyo mara ya kwanza, pamoja na jina la kila mto na mwenye nao. Kufikia kitabu cha tatu orodha itakuwa imekuokoa mara nyingi. Mwenye uwezo wa kuchagua, achukue matoleo ya kusikiliza yanayosomwa na Kobna Holdbrook-Smith, mwigizaji wa Uingereza mzaliwa wa Ghana. Hasomi tu. Mama wa Peter akizungumza unamsikia Msierra Leone, Mama Thames anasikika Mnigeria mwenye mamlaka, Nightingale ana sauti ya shule za zamani za wakubwa, na Seawoll, bosi wa timu ya mauaji, ni mtu wa kaskazini asiye na subira. Kwa mfululizo unaohusu nani ana haki ya kuliita jiji hili kwao, lafudhi hizo ni sehemu ya maana yenyewe, na kwenye karatasi zinabaki kwa bahati ya sikio la msomaji. Udhaifu wa kusikiliza ni mmoja: majina ya mito na vifupisho yanapita haraka, na huwezi kurudi nyuma kwa urahisi kama kwenye ukurasa. Ukiweza, sikiliza ukiwa na nakala ya kuandikwa karibu kwa ajili ya sura za HOLMES na za mwisho.

Kama unataka kujaribu kabla ya kujifunga na vitabu kumi, soma cha kwanza hadi Peter anapoingia nyumbani kwa Mama Thames. Mauaji, kiapo cha uanagenzi, mazoezi ya kwanza na ugomvi wa mto vyote vitakuwa vimeshawekwa mezani. Ikiwa ukumbi ule wa wanawake, ile chai isiyoguswa na yale maswali ya tahadhari hayakukushika, mwandishi hana namna nyingine ya kukushawishi baadaye, na unaweza kuacha hapo bila kujilaumu. Yakikushika, hakikisha una cha pili tayari.